Mkono wa Kushoto, Juu

Mama yake alikuwa Kaliua, kwenye matanga ya shangazi,
nikaitwa mimi.
Barua ilikunjwa mara nne ndani ya kibegi cha Kalunde:
Mzazi aje Ijumaa saa mbili, avae viatu vyepesi.
Viatu vyepesi sina. Nina buti za mpira
na harufu ya moshi isiyotoka hata kwa sabuni ya mche,
maana wiki nzima nilikuwa porini, Ipole,
nikishusha mizinga.

Darasa la awali, Sikonge. Madawati yamesukumwa ukutani.
Irabu tano zimechorwa kwa rangi ya bluu iliyovuja;
u imeota mkia.
Mwalimu Nyanzobe amekalia ndoo ya rangi,
nyingine kaipindua mbele yake, ndiyo ngoma.
Vizibo vya soda vimetungwa kwenye waya, ndizo njuga.
Wazazi tupo kumi na wanne,
hatujui pa kuweka mikono.
Fundi baiskeli Mihayo anajifuta grisi isiyokuwapo.
Mama Shija ana mwingine mgongoni, amelala.
Afande, na sare yake, anatazama saa
kama anayesubiri treni ya Mpanda.

"Kila mtoto amshike wake."
Kiganja cha Kalunde kikaingia changu,
kidogo, kinanata.

Ngoma ikaanza. Nyonga zangu zinajua kupanda miti tu:
kamba, gogo, pumzi, kamba.
Kalunde akanitazama kwa huruma ya mtu mzima.
"Baba, siyo hivyo. Usiruke. Bonyea."
Nikabonyea. Magoti yakalia kama mlango wa ghala.
Watoto wakacheka, Afande naye akacheka,
na kucheka ndiko kulikomponza:
mwanawe alimvuta katikati hadi kofia ikaanguka.

Ndipo mwalimu akaita:
"Mkono wa kulia, juu!"
Ikapanda ya kulia, ikapanda ya kushoto, kwa kubahatisha.
Mihayo alipandisha yote miwili, awe salama.
"Mkono wa kushoto, juu!"

Wangu ulifika wa kwanza.
Haukuniuliza.
Mkono huu, bibi aliufunga kwa kipande cha kanga
kila ugali ulipopakuliwa.
Mkono huu, fimbo ya darasa la kwanza
iliufundisha kukaa mfukoni.
Kwa huu sijapokea cha mtu, sijasalimia,
sijaandika jina langu, miaka thelathini na moja.
Ni nyuki tu wanaoujua,
kule juu, ambako hakuna anayetazama.

Nikatazama chini.
Wa Kalunde ulikuwa juu tayari, vidole vimetawanyika,
wa pili baada ya wangu.
Na juzi tu, mkekani, nilimhamishia kijiko.
Sikugomba. Nilikihamisha tu,
kwa upole, kama mtu mwema.

"Utikiseni!" Tukautikisa.
"Mshike mwenzio kwa huo huo, mzunguke!"
Tukazunguka hadi irabu zikawa mstari mmoja wa bluu,
buti zikipiga sakafu, pwa, pwa,
vumbi la chaki likipanda, njuga zikipotea njia.
Mtoto wa mgongoni aliamka, akatuona,
akarudi kulala.

Kisha uji wa ulezi.
Kalunde akaniletea kikombe,
akinyata kisimwagike,
kwa mkono ule.
Katikati ya darasa akasita. Nilimwona akisita,
akitaka kukihamisha.
"Lete hivyo hivyo," nikasema,
nikakipokea kwa wangu.

Ulitetemeka. Haujazoea watu.
Uji ukanimwagikia buti.

"Utazoea," Kalunde akasema,
akaenda kutafuta tambara.